Mnaoanza kufunga kamera za hali ya hewa, someni hii kabla hamjapanda paa

Jamani wadogo zangu, juzi kwenye grupu letu mmoja kapost taimlapsi (picha za siku zilizounganishwa kuwa video fupi) ya Moshi, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iko nyuma, siku nzima kaibana kwenye sekunde thelathini na muziki juu. Inapepesa mwanzo mwisho. Mwanga unapanda, unashuka, unapanda tena, utadhani kuna mtoto anachezea swichi ya taa. Watu wakamwagia makopa, na wawili wakamuuliza katumia setingi gani ili na wao waige! Hapo ndo nikasema lazima niandike, maana ni kosa lile lile la kila anayeingia, na kila mara tunalieleza kwenye voice note ambazo hakuna anayerudi kuzisikiliza.

Sielezi jinsi ya kuflash kadi wala kamera inachomekwa wapi. Kama umefika huku basi una Raspberry Pi yako, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, au kompyuta ya zamani yenye Yawcam, programu ya webcam, una ffmpeg ya kuunganisha picha kuwa video, una cron ya kuendesha script kwa saa ulizopanga, twende.

1. Zima oto. Hii ndo namba moja na ingeweza kuwa peke yake.

Kamera yetu kazi yake ni kuonyesha anga lilivyokuwa. Oto eksposha, yaani kamera kujipangia mwanga yenyewe, kazi yake ni kufanya kila picha iwe na mwanga unaofanana na mwenzake. Hizo kazi mbili zinagombana. Wingu zito likiziba jua, mashamba yote chini yanaingia kiza, na hicho kiza ndo habari yenyewe, ndo anachotaka kukiona mtu wa Kibosho aliyeanika kahawa yake nje. Sasa kamera ikiwa kwenye oto inaona kiza, inaongeza mwanga, picha inarudi kung'aa, na wewe unapandisha kwenye tovuti siku ambayo haikutokea. Waiti balansi, yaani kamera kujirekebishia rangi, nayo ni hivyo hivyo, ile rangi ya kijivu cha risasi ya wingu la mvua inageuzwa kuwa nyeupe ya kawaida, rangi ya machweo inapozwa.

Halafu mtu akiona video inapepesa anakimbilia filta ya deflicker ya ffmpeg. Ile filta inasawazisha mwanga wa fremu (kila picha ndani ya video) na majirani zake, kwa hiyo inamalizia kufuta kile kidogo ambacho oto ilikuwa imebakiza. Kwenye rpicam-still, programu ya Pi ya kupiga picha, kuna --shutter (muda wa kuingiza mwanga), --gain (kukuza mwanga) na --awbgains (rangi), zifunge zote tatu mchana kutwa. Alfajiri na jioni andika kiscript kinachobadilisha shata kwa hatua ndogo ndogo kulingana na jua lilipo, sio kulingana na kamera inavyojisikia. Huku kwetu jua linachomoka na kuzama upesi kwa hiyo hatua zako zisiwe za robo saa robo saa, utaona ngazi kwenye video.

2. Uelekeo. Usielekeze mashariki wala magharibi kwa sababu tu machweo ni mazuri. Moshi tuko kama nyuzi 3 kusini mwa ikweta, jua linapita karibu na utosi, kwa hiyo kamera inayoangalia kaskazini au kusini iko salama mwaka mzima. Hata Juni jua likielemea kaskazini, saa sita mchana bado liko juu kama nyuzi 63, haliingii kwenye lenzi. Na bahati yetu ni kwamba mlima uko kaskazini. Ukiwa na kamera iliyotulia pale utaona kitu ambacho ukisimama kwa macho hukioni vizuri: asubuhi mlima mweupe wote uko wazi, jua linapasha miteremko, hewa yenye unyevu inapanda kutoka kwenye msitu, inapoa, inageuka wingu, na saa nne hivi siku nyingi Kibo ishafunikwa, halafu jioni miteremko ikipoa linafunguka tena kama pazia. Unaona mlima unatengeneza wingu lake wenyewe. Mimi hiyo sijawahi kuichoka na sitegemei kuichoka.

3. Hesabu ya fremu. Picha moja kila dakika kwa saa 12 ni picha 720, ukicheza fremu 24 kwa sekunde ni sekunde 30, sawa kwa siku ya kawaida. Lakini wingu la radi linaweza kuota na kufika juu ndani ya dakika ishirini, na dakika ishirini kwa mpango huo ni fremu ishirini, haifiki hata sekunde moja! Msimu wa masika piga kila sekunde kumi kuanzia mchana. Utatupa picha nyingi, ndiyo, ni sawa.

4. Saa. Hapa naomba mtulie.

Kuna kamera tuliifunga na kijana mmoja juu ya paa la shule, Pi 4, kazi safi, kebo zimefungwa vizuri, kila kitu. Script aliandika yeye na mimi ndo niliyeipitia nikasema iko poa. Ilikuwa inaweka picha kwenye folda ya siku na jina la faili ni saa na dakika, basi. 1517.jpg, yaani saa tisa na dakika 17 kwa saa zetu, 1518.jpg, hivyo.

Alasiri moja ya masika likaja dhoruba la nguvu kutoka upande wa mlima, mvua ya mawe, mabati yanapigwa mpaka huwezi kuongea na mtu. Sote tulikuwa tunawaza kitu kimoja, kwamba kamera iko pale inaangalia. Saa kumi kasoro kumi umeme ukakatika. Ukarudi kwenye saa kumi na dakika kumi, Pi ikawaka, taa ya kamera ikawaka, tukashukuru Mungu. Mtandao ndo haukurudi mapema, ulikuja kama saa kumi na dakika arobaini na tano.

Kesho yake asubuhi kijana akafungua folda kutengeneza video, kuna watu wa mashamba walishaiomba, na mwenye hoteli jirani alitaka kuiweka kwenye ukurasa wake. Video inaanza vizuri, wingu linaota, linakuwa jeusi kwa chini, linakuja, linakaribia ukingo wa mji, halafu ghafla anga jeupe. Barabara imelowa, mawe yameshaanza kuyeyuka kwenye nyasi. Dhoruba yenyewe haipo. Tukadhani kamera iligoma. Lakini hakuna pengo hapo, kila dakika ina faili lake. Tulikaa muda mrefu tunaangalia zile picha bila kuelewa mpaka nikasoma logi, yale maandishi ya kumbukumbu ya Pi, mstari kwa mstari.

Pi 4 haina betri ya saa. Ikizimwa haijui muda, inachofanya ni kuhifadhi muda kwenye faili, fake-hwclock hiyo, na kwa setingi za kawaida inahifadhi mara moja kila saa kupitia cron.hourly, ambayo kwenye Debian inakimbia dakika ya 17. Umeme ulikatika ghafla kwa hiyo muda wa mwisho uliohifadhiwa ulikuwa saa tisa na dakika 17. Ilipowaka saa kumi na dakika kumi ikaamini ni saa tisa na dakika 17, mtandao hakuna wa kuirekebisha, ikaanza kupiga picha za anga baada ya mvua na kuzipa majina 1517, 1518, 1519, moja moja, zikikalia picha za dhoruba zilizokuwa na majina hayo hayo. Ilifanya hivyo zaidi ya nusu saa mpaka mtandao uliporudi na saa ikaruka mbele. Ikawa imefika 1551 au 1552. Picha ya mwisho kabla umeme haujakatika ilikuwa 1550. Yaani ilifuta dhoruba yote kuanzia wingu linaingia mjini mpaka umeme unakatika, haikubakiza hata moja.

Kijana alinyamaza kabisa. Nilijaribu kurudisha mafaili lakini yalikuwa yameandikwa juu, hakuna cha kurudisha. Ile dhoruba watu wanaikumbuka mpaka leo na picha yake hatuna, na kila masika ikikaribia naikumbuka.

Kwa hiyo: nunua kimoduli cha saa cha DS3231 chenye betri, ni kidogo kuliko kidole gumba, kinakaa kwenye pini za GPIO, zile zilizosimama kwenye bodi ya Pi. Mwenye Pi 5, saa imo ndani tayari lakini betri yake inauzwa pembeni, usijidanganye. Script yako kabla ya kuhifadhi iangalie kama jina lipo, kama lipo iongeze namba, isikalie picha yoyote kamwe. Na jina liwe na tarehe nzima. Mkitumia UTC (saa ya dunia, iko nyuma yetu saa tatu) kwenye majina kumbukeni siku mpya itaanza saa tisa usiku kwetu, video yako ya usiku itakatika katikati kama hukulipanga. Na cron haijui saa zetu, saa kumi na mbili asubuhi ni 6, nimeona mtu kaandika 12 na anauliza kwanini kamera inachelewa kuamka.

5. Bando. Picha ya KB 300 kila dakika kwa saa 12 ni MB 216 kwa siku, zaidi ya GB 6 kwa mwezi, kwa kamera moja. Tengeneza video hapo hapo kwenye Pi, pandisha video jioni, na mchana tuma picha moja kila dakika tano. Ipandishe kwa jina la kupita tu halafu ibadilishe jina ikishafika yote, ndo dawa ya zile picha zenye nusu ya kijivu. Kwenye ffmpeg weka -pix_fmt yuv420p na -movflags +faststart, bila hizo kuna simu video haifunguki na nyingine inasubiri ishuke yote ndo icheze.

6. Picha mbichi usizifute. Video unaweza kuitengeneza upya, picha huwezi. Pale San Francisco State University kuna FogCam, wanafunzi wawili waliiwasha mwaka 1994 kuangalia ukungu, mpaka 2019 ilipotangazwa kuzimwa chuo kikaichukua kiiendeleze. Picha zake ni ndogo, hazina hata uzuri wa kuringia, thamani yake ni kwamba imekuwepo miaka yote hiyo. Ninyi mnanunua kamera ya 4K halafu baada ya wiki mbili diski imejaa mnafuta ya nyuma. Shusha ukubwa, bakiza siku.

Mengine kwa haraka. Picha za kupita tu ziandikwe kwenye /dev/shm, ambayo ni RAM, kadi ya SD itadumu. Webcam ya USB ikiwa nyuma ya kioo zima otofokasi, la sivyo itafokasi matone ya mvua na wewe unataka wingu. Taa za infraredi zima, zinavuta wadudu, wadudu wanavuta buibui, na asubuhi una video ya mguu wa buibui. Uwani kwa jirani pazibwe kwa kiraka cheusi ndani ya programu yenyewe, sio kwenye video tu. Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ipo tangu 2022 na hata isingekuwepo, huyo ni jirani yako.

Ukikwama njoo inbox, usiku au mchana nitajibu. Ila tuma logi nzima kama faili. Usipige picha skrini ya laptopu kwa simu, imekatwa nusu, halafu uniandikie "kaka haifanyi".