Chuki kwa mwanamke Uarabuni ilitoka wapi? Maswali yenu na majibu

Nilipoandika hapa kuhusu wajane wanaonyimwa mirathi, wasomaji wengi walinirudishia swali moja kwa namna mbalimbali: kwa nini mwanamke amebanwa kiasi hiki katika nchi za Kiarabu, na mambo hayo yalianzia wapi? Nimefundisha historia miaka mingi, na swali hili huniuma kwa sababu watu hulimaliza kwa sentensi moja tu, ya kuwatukana Waarabu au ya kuwatetea. Nimechagua barua chache, nyingine nimezifupisha.

Je, Uislamu ndio uliowafundisha Waarabu kumdharau mwanamke? Kazini naambiwa hivyo kila siku. (Msomaji, Tanga)

Hapana, ndugu yangu. Dharau ilikuwapo kabla, na Kurani yenyewe ni shahidi. Sura ya An-Nahl inamweleza baba aliyepewa habari kwamba amezaliwa binti: uso unasawijika, anajificha watu wasimwone, anawaza amlee kwa fedheha au amfukie mchangani. Sura ya At-Takwir inasema siku ya Kiyama mtoto wa kike aliyezikwa hai ataulizwa aliuawa kwa kosa gani. Waliosomewa maneno hayo walilijua jambo lenyewe. Hata ushungi una historia ndefu kuliko dini: sheria za Waashuri wa Iraki ya kale, zaidi ya miaka 1,000 kabla ya Kristo, zilimwamuru mke wa mtu afunike kichwa, na zikamwadhibu vikali mjakazi au kahaba aliyethubutu kujifunika. Kitambaa kilionyesha nani ana mwenyewe na nani hana.

Katika karne ya 7 mwanamke wa Kiislamu alipata fungu la mirathi na mahari iliyo mali yake. Lakini nikiishia hapo nitakuwa mwoga. Fungu la binti ni nusu ya la kaka yake, na aya ya 34 ya Sura ya An-Nisaa imetumiwa na waume wengi kuhalalisha kipigo. Tujiulize pia wafasiri wa maandiko waliishi mazingira gani. Baghdad ya Waabbasi, ukoo wa makhalifa, karne ya 8 na ya 9, ilijaa wajakazi walioletwa na vita na biashara, na matajiri walinunua masuria sokoni. Mwanachuoni aliyekulia katika mji ambamo mwanamke ana bei alisoma maandiko kwa macho ya mji huo.

Fatima Mernissi, mwanasosholojia wa Moroko, alichimba hadithi ya Mtume isemayo kwamba hawatafaulu watu waliomkabidhi mwanamke mambo yao. Alionyesha kuwa msimulizi wake, Abu Bakra (si Khalifa Abubakar), aliitaja kuhusiana na Vita vya Ngamia vya mwaka 656, zaidi ya miaka 20 baada ya Mtume kufariki, na upande ulioshindwa ulikuwa wa Bi Aisha, mjane wa Mtume. Wanazuoni wengi hawakubaliani naye. Mimi naona swali lake ni la haki: neno hili lilikumbukwa wakati gani, na lilimfaa nani?

Kwa nini heshima ya ukoo mzima iwekwe mwilini mwa msichana mmoja? (Msomaji, Mombasa)

Dada yangu, fuata shamba utamkuta msichana. Ukoo wa Kiarabu unahesabiwa kwa baba. Binti akiolewa nje, wanawe ni wa ukoo mwingine, na fungu lake la ardhi linaondoka nao. Zimepatikana njia mbili za kulizuia. Ya kwanza ni kumwoza mtoto wa ami yake, ili shamba lizunguke humo humo. (Neno letu binamu ndilo hilo hilo, mwana wa ami, tulilichukua kwao.) Njia ya pili ni kumnyima tu. Kusini mwa Misri familia nyingi zimefanya hivyo vizazi na vizazi ingawa dini imempa fungu lake waziwazi, hadi mwaka 2017 Misri ilipotunga sheria ya kumfunga jela anayemzuilia mrithi haki yake.

Germaine Tillion, Mfaransa aliyeishi miaka ya 1930 katika milima ya Aurès, Aljeria, aliliona fundo hili. Alisema mwanamke alizidi kufungiwa pale pale alipopata haki ya kurithi, kwa kuwa sasa alikuwa na kitu cha kupoteza mikononi mwa mgeni. Ukilinda mali lazima umlinde mwenye mali: usichana wake, macho yake, safari zake. Mlinzi akizembea, wanaume wengine wanamcheka kaka na baba. Waarabu wana neno maalumu, ird, yaani heshima ya mwanamume iliyowekwa kwa wanawake wake, na inaweza kupotea kwa uvumi peke yake. Sisi watu wa pwani tulichukua kwao aibu na fitina, na tunajua maneno hayo humwangukia nani kwanza.

Tillion alisisitiza pia kwamba ugonjwa huu ni wa kandokando ya Mediterania yote, Wakristo wakiwamo. Mwaka 1966 Franca Viola wa Sicily, Italia, alishangaza nchi nzima kwa kukataa kuolewa na mtu aliyemteka na kumbaka. Sheria ya Italia iliyomsamehe mbakaji akimwoa aliyembaka ilifutwa mwaka 1981.

Wakoloni wana hatia gani katika hili, au tunatafuta kisingizio? (Msomaji, Kampala)

Wana hatia iliyoandikwa kwa wino. Kifungu cha 324 cha sheria ya jinai ya Ufaransa ya mwaka 1810 kilimpa udhuru mume aliyemfumania mkewe nyumbani na kumuua. Dola ya Uthmaniya, ya Waturuki waliozitawala nchi nyingi za Kiarabu, ilipotunga sheria yake ya jinai mwaka 1858, ilikichukua kifungu hicho. Kutoka huko na kutoka Ufaransa kwenyewe kilienea, kikajionyesha katika kifungu cha 340 cha Jordan, 562 cha Lebanon, 548 cha Syria. Hiki ni kinyume cha fikihi, elimu ya sheria za Kiislamu. Sharia inataka mashahidi wanne wa zinaa, na mume asiye nao huenda kwa kadhi wakaapizana na mkewe. Haimruhusu kushika kisu. Wanasiasa waliokitetea kifungu hicho bungeni kwa jina la mila na dini walikuwa wakiitetea sheria ya Paris, na Paris ilikwisha kuifuta mwaka 1975.

Mwangalie na Lord Cromer, aliyeitawala Misri kwa niaba ya Uingereza kuanzia 1883 hadi 1907. Aliandika kwa uchungu jinsi Uislamu unavyomdhalilisha mwanamke, huku akiinyima fedha elimu na kupandisha karo za shule. Aliporudi kwao akawa kiongozi wa chama cha kupinga wanawake wa Uingereza kupiga kura. Mwezi Mei 1958, mjini Algiers, katika vita vya uhuru wa Aljeria, wanawake wa Kiarabu walivuliwa haiki, shuka lao la kujifunika, hadharani katika mikutano iliyopangwa na jeshi la Ufaransa, jeshi lile lile lililokuwa likiwatesa ndugu zao gerezani. Baada ya hapo, kila mwanamke wa Aljeria aliyedai haki aliweza kuambiwa kwamba anaiga adui. Hasara hiyo bado inalipwa.

Ila nisikupe kisingizio. Uhuru ulipopatikana, wenyeji ndio waliokaa bungeni. Tunisia ilipiga marufuku mitala katika sheria ya familia ya Agosti 1956, miezi michache tu baada ya uhuru. Aljeria, ambako wanawake walibeba mabomu na kuteswa vitani, iliwatungia sheria ya familia mwaka 1984 iliyomlazimu mke kumtii mumewe.

Ukeketaji ni wa Waarabu? (Msomaji, Dodoma)

Hapana. Ni wa bonde la Nile na maeneo mengi ya Afrika, ni wa kale kuliko Ukristo na Uislamu, na Misri hufanywa na Wakopti, Wakristo wa huko, pia. Moroko, Aljeria na Tunisia hawaujui. Wewe uko Dodoma, unajua kwamba hapo haukuletwa na Mwarabu.

Saudia ina pesa za kujenga chochote. Kwa nini ilichelewa hivyo? (Msomaji, Nairobi)

Pesa zenyewe ni sehemu ya jibu. Kwingineko viwanda viliita wasichana, mshahara ukawapa sauti nyumbani. Nchi ya mafuta iliweza kumlipa mwanamume mshahara wa kutosha na kuajiri wageni kwa kazi nyingine, hivyo haikuhitaji mikono ya wanawake. Serikali nayo iliwahitaji mashehe kuihalalisha. Mwaka 1979 waasi walipouteka Msikiti Mtukufu wa Makka, watawala waliogopa kuonekana wamelegea katika dini, wakawaachia wenye msimamo mkali shule, televisheni na mitaa. Gharama ya mapatano hayo haikutoka hazina. Walilipishwa wanawake.

Machi 2002 shule ya wasichana ya Makka iliungua, wakafa wasichana 15. Magazeti ya Saudia kwenyewe yaliandika kwamba polisi wa maadili waliwazuia kutoka kwa kuwa hawakuwa wamejifunika. Nimelisoma jambo hili mara nyingi na sijawahi kulisoma kwa utulivu.

Ruhusa ya kuendesha gari ilikuja Juni 2018, miaka 28 baada ya wanawake 47 kuingia barabarani Riyadh na magari yao, wengi wakasimamishwa kazi. Mwezi mmoja kabla ya ruhusa hiyo, Loujain al-Hathloul na wenzake walioidai walikamatwa. Mtawala alitaka ionekane zawadi kutoka kwake.

Bibi yangu alirudi Oman kutoka Unguja miaka ya 1970 akawa mwalimu. Wenyeji walimshangaa. Kwa nini, na wote ni Waarabu wamoja? (Msomaji, Muscat)

Mwanangu, hadi mwaka 1970 Oman ilikuwa na shule 3 tu za serikali, zote za wavulana. Bibi yako alitoka mahali ambapo binti alikwenda shule. Damu moja, mazingira mawili; hilo pekee linatosha kumnyamazisha anayesema Mwarabu kaumbwa hivyo.

Wala Unguja haikuanza hivyo. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, alisimulia kwamba wasichana wa jumba la kifalme walifundishwa kusoma, ila kuandika waliachiwa wavulana. Alijifundisha mwenyewe kwa siri, akinakili herufi za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia.

Binti yangu alifanya kazi za ndani Ghuba. Aliyempiga na kumfungia ni mama mwenye nyumba. Huyo naye si mwanamke? (Msomaji, Mombasa)

Pole sana, mama yangu. Mtaalamu wa Kituruki, Deniz Kandiyoti, alieleza kwamba katika ukoo wa namna hii mwanamke huingia akiwa hana sauti, na huipata baadaye kwa kuwatawala walio chini yake: mkamwana, na mimi naongeza, siku hizi mtumishi. Amekandamizwa, na ngazi aliyopewa ya kupandia ni mgongo wa mwenzake. Hilo linaeleza, halimsafishi. Juu ya yote uko mfumo wa kafala uliomfunga binti yako kwa kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, asiweze kubadili kazi bila ridhaa yake. Ameonewa kwa kuwa mwanamke, maskini na Mwafrika kwa pamoja, na kila jambo liliongeza uzito wa lingine.

Tukiyasema haya, hatuwapi silaha wanaowachukia Waarabu? (Msomaji, London)

Wenye kuchukia wana silaha tayari. Waarabu wenyewe walitutangulia kuyasema. Huda Sha'arawi aliondoa nikabu kituo cha reli cha Cairo mwaka 1923. Doria Shafik aliongoza wanawake 1,500 hadi ndani ya bunge la Misri mwaka 1951. Msichana wa miaka 16 wa Larache, Moroko, alipojiua mwaka 2012 baada ya kuozwa kwa aliyeshutumiwa kumbaka, Wamoroko waliandamana hadi kifungu kilichomsamehe mbakaji akimwoa aliyembaka kikaondolewa Januari 2014. Tunisia, Jordan na Lebanon zikafuata mwaka 2017.

Beirut, Aprili mwaka huo, walitundika magauni meupe ya arusi 31 kwa vitanzi kando ya bahari, moja kwa kila siku katika mwezi wa siku 31. Agosti kifungu cha 522 cha Lebanon, cha aina hiyo hiyo, kikafutwa, lakini vifungu viwili, 505 na 518, viliachiwa mwanya wa mtu kumwoa msichana aliyemharibu, na wanawake wale wakadai vizibwe navyo.