Maswali kwa Fundi: Hita ya kulalia ndani ya boti

SWALI: Shikamoo Fundi. Nimenunua boti ya injini ya dizeli, urefu wake mita 9. Tunalala humo mimi, mke wangu na binti yetu wa miaka 6, hata miezi ya baridi kali. Asubuhi kuta zinatiririka maji, na godoro la mtoto limelowa upande wa chini. Rafiki amenishauri ninunue hita ndogo ya gesi, ile ya kubeba mkononi isiyo na bomba, niiwashe saa moja kabla ya kulala. Mwingine anasema nitumie hita ya umeme kwenye betri. Nishike lipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hiyo hita ya gesi usiiingize botini. Nalitanguliza hili kwa sababu umeniambia kuna mtoto.

Hita isiyo na bomba inavuta hewa ile ile mnayovuta ninyi, kisha inatema uchafu wake humo humo. Hewa ikipungua, moto hauungui sawasawa, na hapo ndipo inapozaliwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Hata maji unayoyalalamikia yataongezeka, maana kilo moja ya gesi ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke. Mvuke huo utakwenda wapi kama si ukutani na kwenye godoro? Tena gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haitoki dirishani, inashuka hadi kwenye ngama, yaani chini kabisa ndani ya boti, na kutulia pale mpaka ipate cheche. Na jiko la kupikia nalo lisigeuzwe hita, hata kwa dakika kumi.

Umeme hauna moshi, ila piga hesabu. Hita ya wati 1,000 kwenye mfumo wa volti 12 inavuta zaidi ya ampea 80. Betri ya ampea-saa 100 haikufikishi hata saa moja na nusu, na utakuwa umeiharibu. Umeme utumie mkiwa mmefunga gatini na mna waya kutoka nchi kavu.

Ningekuwa mimi, ningefunga hita ya dizeli ya kupuliza hewa. Mafuta tayari unayo tangini. Chumba chake cha moto kimezibwa: kina bomba lake la kuvuta hewa na jingine la kupeleka moshi nje ya ubavu wa boti. Feni inapitisha hewa juu ya chuma kilichopata moto, na hewa hiyo haikutani na moshi kabisa. Kwa boti yako kilowati 2 zinatosha kama kuta zina kizuia baridi. Usishawishike kununua ya 5. Hita kubwa kwenye chumba kidogo inashinda ikiwaka kwa moto mdogo, inajaa masizi, na usiku mmoja inagoma. Hata hiyo ndogo uiwashe kwa nguvu zote nusu saa mara kwa mara, ijisafishe. Wakati wa kuwaka inavuta ampea kama 10 kwa dakika chache, kisha inashuka sana.

Sasa nisikilize kuhusu bomba la moshi. Zamani nilifunga hita kama hiyo kwenye boti ya mteja, na wiki mbili baadaye nikalala humo. Niliamka kichwa kinagonga na tumbo limechafuka. Nikadhani ni bahari, lakini bahari ilikuwa shwari kama maji ya beseni, na hilo ndilo lililonishtua. Nikatambaa hadi sitahani nikatapika. Kulipokucha nilifungua kabati la tezi, kule nyuma ya boti. Pale bomba linapoungana na hita, klipu ilikuwa imelegea, na ubao mweupe wa jirani ulikuwa na doa la masizi lenye umbo la unyoya, si kubwa kuliko kiganja changu. Klipu ile niliikaza kwa mkono wangu. Sikurudi kuikaza tena baada ya bomba kupata moto na kupoa.

Kwa hiyo bomba liwe la chuma kisichoshika kutu, livishwe kitambaa cha kuhimili moto, na lipande juu kwanza kabla ya kutoka ubavuni ili wimbi lisiingie. Lisitokee karibu na dirisha wala pale hita inapovutia hewa. Nunua pia king'ora cha kaboni monoksaidi kilichotengenezwa kwa ajili ya boti, chenye alama ya kiwango cha Ulaya EN 50291-2, ukiweke mnapolala. Mtu akiumwa kichwa na kutaka kutapika mkiwa ndani, msingoje kilie. Zimeni hita, tokeni nje.

Kuhusu godoro: toa ubao mzima ulio chini yake, weka chaga, na mdomo mmoja wa hewa ya moto uelekee huko. Kidirisha cha juu kiache wazi kidogo, baridi isikutishe.

Ukimaliza kufunga, iwashe mchana saa nzima wote mkiwa sitahani. Izime, ingoje ipoe, ukaze klipu zote upya, ndipo mlale.