Punda anayegoma na kurusha mateke

Ndugu yangu wa Newala, punda anayegoma kufungwa madumu ya maji na kurusha mateke, mkague kwanza mgongo na kwato. Mwenye kidonda atakataa mzigo tu, na ana haki.

Akiwa mzima, mvishe hatamu yenye kamba ya mita 3. Usiizungushe mkononi, akikurupuka itakuumiza vidole. Simama ubavuni, usawa wa bega, kamwe si nyuma. Vuta taratibu, shikilia, na akinyanyua hata mguu mmoja kuja mbele, legeza papo hapo. Kulegeza ndiko kunakomfundisha. Ukichelewa, hajui amepatia wapi. Fimbo weka mbali kabisa: punda akiogopa mara nyingi huganda palepale, hivyo kumpiga kunamgandisha zaidi.

Dakika 15 asubuhi zinatosha. Madumu yaje baadaye, matupu, ayanuse kwanza, ndipo umguse nayo begani.