Biskuti za mbwa zinaota ukungu siku ya nne, na je, karanga za bei chee zinafaa?

SWALI: Shikamoo daktari. Niko Arusha, nina mbwa wangu Jimi, dume wa miaka minne, kilo 25. Namuokea biskuti mwenyewe, natia dona, karanga za kusaga na ndizi mbivu, naoka nusu saa kwenye oveni ya gesi. Shida ni kwamba siku ya nne zinaota ukungu, nakwangua halafu nampa. Karanga nachukua zile zilizosinyaa sokoni maana ni bei chee na najua moto unaua kila kitu. Mama mkwe naye anasema nitie kitunguu swaumu cha minyoo. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Naanza na karanga kabla ya ukungu maana hapo ndo pananitisha, na nakuomba kuanzia leo usimpe Jimi hata kipande kimoja cha hizo biskuti. Karanga zilizosinyaa, zenye madoa au zilizogeuka rangi ndo zile wachambuaji wanazitupa pembeni, na kwenye gunia zima sumukuvu nyingi inakuwa imejaa humo humo kwenye hizo mbovu chache. Sumukuvu inatengenezwa na fangasi wanaoota kwenye mahindi na karanga. Moto unawaua fangasi wenyewe, sawa, ila sumu waliyoshaitoa inabaki pale pale, mpaka joto lipite nyuzi 200 na ushee ndo inaanza kuvunjika, na wewe biskuti unaoka kwenye 170 au 180, kwa hiyo karanga mbovu ikiingia kwenye oveni inatoka biskuti yenye sumu ile ile na harufu nzuri juu yake. Kukwangua nako hakusaidii, unachokiona juu ni sehemu tu ya ukungu, mizizi yake imeshapenya ndani.

Wala tusichukulie poa. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikula mahindi yenye sumukuvu na wapatao 20 wakafa. Marekani mwishoni mwa 2020 chakula kikavu cha mbwa kilichotengenezwa kiwandani kilirudishwa kutoka madukani kwa sababu hiyo hiyo, baada ya mbwa wengi kuripotiwa kufa. Mbwa ini lake linaumia haraka na sumu hii, halafu yeye habadilishi mboga kama sisi, anakula kitu kile kile kila siku mpaka kinajikusanya.

Sasa ukungu wa siku ya nne. Biskuti zako hazijakauka, zimeiva tu, na hivyo ni vitu viwili tofauti. Nusu saa inatosha kuivisha lakini katikati bado kuna maji, na ndizi ndo inaongeza tatizo maana sukari yake inashikilia unyevu, ndo maana hata ikikaa sana kwenye oveni inabaki laini laini. Boga na kiazi kitamu ni hivyo hivyo. Ukitaka kuendelea na ndizi sikukatazi, ila hizo ziweke friji na ziliwe ndani ya siku tatu nne, zilizobaki gandisha.

Za kukaa kwenye kopo mimi nafanya hivi: unga wa atta gramu 300, dagaa wa Mwanza waliosagwa gramu 60, yai moja, mafuta kijiko kimoja cha chakula, maji kama mililita 120. Dagaa uwatoe vichwa, uwaoshe maji mawili matatu mpaka mchanga ukome kubaki chini ya beseni, uwakaushe upya kabla ya kusaga. Usichukue wale wa baharini waliochemshwa na chumvi. Kanda, sukuma unene usizidi nusu sentimita, kata vipande vidogo, toboa toboa na uma ili mvuke upate njia. Oka nyuzi 175 kama dakika 25, halafu geuza, shusha moto mpaka kama nyuzi 100, mlango wa oveni uache wazi kidogo mvuke utoke, ziache saa moja na nusu mpaka mbili. Kama unatumia oveni ya mkaa, punguza makaa ya juu zikishabadilika rangi.

Utajuaje zimekauka? Tumia mzani wa jikoni. Donge bichi la hivyo vipimo lina kama gramu 540, zikikauka vizuri zote kwa pamoja zinashuka mpaka 380 hivi au chini yake. Ukizirudisha nusu saa nyingine na uzito haupungui, tayari. Huna mzani, chukua iliyo nene kuliko zote, ivunje: itoe mlio wa kukatika na katikati pafanane rangi na pembeni, ukiona panapinda au pana weusi weusi wa unyevu rudisha. Halafu ziache zipoe kabisa juu ya waya, mimi huwa naziacha usiku kucha, maana ukifunika zikiwa na joto mvuke unageuka matone kwenye mfuniko na umerudi kule kule.

Kitunguu swaumu hapana, mwambie mama mkwe kwa heshima zote. Kitunguu cha aina yoyote, kibichi, kilichopikwa au cha unga, kinaharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na minyoo haifi. Nunua dawa ya minyoo, inapimwa kwa kilo zake. Viungo vya mchuzi vya dukani navyo acha, vina kitunguu na chumvi. Chokoleti, zabibu kavu, makadamia na kitu chochote cha "bila sukari" chenye zailitoli (kitamu kinachowekwa badala ya sukari) visikaribie kabisa, na kama unaoka mikate donge la hamira liweke juu asilifikie, linaumukia tumboni.

Kwa kilo 25 vitafunwa visizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu anayohitaji kwa siku, yaani biskuti tatu hivi za gramu 10.

Karanga zilizobaki tupa, usiwape kuku, na ng'ombe wa maziwa ndo kabisa, sumukuvu inapita mpaka kwenye maziwa. Na kwa kuwa Jimi ameshazila, mpeleke wiki hii kwa daktari wa karibu apimwe damu waone ini likoje. Ukiona amekataa chakula, anatapika, fizi au weupe wa macho umekuwa njano, mkojo umekolea au choo kina damu, usingoje wiki iishe, nenda siku hiyo hiyo na ubebe biskuti chache kwenye mfuko ili daktari aone alikuwa anakula nini.