Maswali ya wasomaji: Nina ofu moja Berlin, niitumieje?

Swali: Shikamoo dada. Mi niko Berlin, najitolea kwenye nyumba ya wazee, nimekuja kupitia weltwärts, ule mpango wa Ujerumani wa vijana wa kujitolea. Kazi naipenda sana. Shida yangu ni siku za ofu. Wenzangu ninaokaa nao wakipata ofu wanakimbia mji mzima, asubuhi Brandenburger Tor, mchana makumbusho mawili, jioni ukutani, nikienda nao narudi nimechoka kuliko siku ya zamu na hata sikumbuki nimeona nini. Nikibaki chumbani roho inanisuta kwamba nimekuja mbali kote huku kulala. Nikitoka inanisuta pia, maana kuna bibi mmoja kazini nisipokuwepo anauliza niko wapi, na hela ya kujikimu tunayopewa si unajua ilivyo. Jumatano hii niko ofu. Nifanyeje niizunguke Berlin taratibu? (Msomaji, Berlin)

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Nianze na huyo bibi kwa sababu naona yeye ndo kakushika zaidi. Siku ya mapumziko ni haki yako kama zamu zilivyo wajibu wako, humwibii mtu. Na yeye anahitaji mtu aliyelala akashiba usingizi, anayeingia mlangoni ana jambo la kusimulia. Jumanne kabla hujaondoka muage vizuri, mwambie kesho sipo, keshokutwa nipo, nitakwambia nilikokwenda. Hapo na yeye anapata kitu cha kusubiri.

Sasa mji. Berlin ni kubwa mno, ukitaka kuimaliza kwa siku moja ndo unarudi kama ulivyosema, umechoka na kichwani hakuna kitu. Ushauri wangu, chagua laini moja tu ya treni ukae nayo siku nzima. Mi ningekuchagulia U6, ile inayotoka Alt-Tegel kaskazini mpaka Alt-Mariendorf kusini, na sikuchagulii kwa kubahatisha, utaona.

Amka kwa muda wako. Kunywa chai nyumbani, funga mkate wako, jaza chupa maji ya bomba (ya Berlin yananyweka bila wasiwasi), hapo tayari hela ya mgahawa umeiokoa. Shukia kituo cha Afrikanische Straße. Hapo uko Wedding, kwenye mitaa wanayoiita Afrikanisches Viertel, utatembea ukisoma vibao Sansibarstraße, Ugandastraße, Togostraße, na kwa mtu wa kutoka kwetu moyo lazima ushtuke kidogo. Majina mengi yalibandikwa enzi za ukoloni, kwa majivuno ya makoloni yao. Tafuta Maji-Maji-Allee. Mtaa huo ulikuwa sehemu ya Petersallee, jina uliopewa mwaka 1939 kumuenzi Carl Peters, yule ambaye babu zetu walimwita mkono wa damu. Watu wakaandamana, wakaenda mahakamani, wakabishana miaka na miaka, mpaka Agosti 2024 vibao vikabadilishwa, upande mmoja ukapewa jina la Anna Mungunda, mpigania uhuru wa Namibia, na upande mwingine jina la vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Usipite mbio hapo. Simama usome. Afu kaa kwenye bustani ya Rehberge iliyo jirani, ule mkate wako, angalia watu wanavyotembeza mbwa, usijilazimishe kuwaza kitu kikubwa.

Ukishapumzika rudi U6 hiyo hiyo kuelekea katikati ya mji, shuka kituo kinaitwa Naturkundemuseum. Hapo ndo makumbusho ya viumbe yalipo, Jumatano wako wazi, wanafunga Jumatatu. Ingia ukumbi wa kwanza mkubwa umuone mjusi wa Tendaguru, yaani mifupa ya dinosaria. Amesimama mita 13.27 kwenda juu, mifupa yake ina miaka kama milioni 150, na ilichimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913. Wageni wengi wanainua simu, wanapiga picha ya kichwa, wanaondoka. Wewe kaa. Kuna mabenchi. Fikiria zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilizobebwa kichwani na mabegani kwa miguu kutoka Tendaguru mpaka bandari ya Lindi, siku kadhaa za njia, na waliobeba ni watu wa kusini ambao Majimaji ilikuwa imewapitia miaka michache tu nyuma, wamepoteza ndugu na mashamba. Msimamizi mkuu wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani, likariri hilo jina. Mi naamini kabisa jina hilo linastahili kujulikana na kila mtoto anayesoma habari za mjusi huyo, awe Berlin au Lindi, na ule mjadala wa kudai mifupa irudi, ambao bungeni kwetu umeshazungumzwa, unaupata uzito wake ukiwa umesimama pale chini ya ile mbavu. Masaa mawili yanatosha, kumbi nyingine zinakusubiri ofu nyingine. Na usisahau kuonyesha kitambulisho chako cha kujitolea mlangoni, sehemu nyingi wanakupunguzia.

Jambo moja la huyo bibi kabla sijasahau. Kama amekulia Berlin muulize kuhusu U6 enzi za ukuta uliogawa mji Mashariki na Magharibi. Laini hii ilikuwa ya Magharibi lakini kipande cha katikati kinapita chini ya iliyokuwa Berlin Mashariki, kwa hiyo toka 1961 treni zilikuwa zinapita vituo vya pale bila kusimama, giza, na walinzi wamesimama, isipokuwa Friedrichstraße peke yake. Hicho kituo cha makumbusho utakachoshukia kilikuwa kimojawapo cha vilivyofungwa. Utakuwa umempelekea swali ambalo majibu yake hayamo kwenye simu yako.

Jioni endelea kusini mpaka Paradestraße, uingie Tempelhofer Feld. Ni uwanja wa ndege uliofungwa 2008 na mwaka 2010 wakawafungulia watu, hekta kama 300 za majani na njia za kurukia ndege, bure kabisa. Mwaka 2014 wakazi wa Berlin walipiga kura wakakataa nyumba zisijengwe hapo. Utakuta watu wa baiskeli, wanaorusha tiara, familia zinachoma nyama sehemu zilizoruhusiwa. Kivuli hakuna na upepo ni mkali, beba sweta. Mageti yanafungwa giza likiingia, kwa hiyo angalia muda.

Ukiona vituo vitatu ni vingi kata kimoja bila huruma, mi ningekata Tempelhof nikabaki na mjusi. Na kuna Lucy-Lameck-Straße kule Neukölln karibu na Hermannplatz, zamani ikiitwa Wissmannstraße, jina la yule Wissmann aliyekuja kuzima vita vya Abushiri, toka 2021 inabeba jina la mama yetu Lucy Lameck, mwanasiasa wa Tanzania. Hiyo iwekee siku yake, haipo kwenye U6 na sitaki uanze tena kukimbia.

Swali: Dada mi naogopa treni za Ujerumani, nasikia hakuna mtu getini ila unakamatwa. Ni kweli? (Mama Jay)

Jibu: Ni kweli mama. Hakuna geti, unaingia tu, lakini wakaguzi wanapanda wamevaa nguo za kawaida na ukikutwa huna tiketi faini ni euro 60. Tiketi ya karatasi lazima uigonge muhuri kwenye kile kimashine kabla ya kupanda, ukiinunua ukaiweka mfukoni bila kugonga kwao ni sawa na huna. Anayekaa muda mrefu achukue Deutschlandticket, ni ya mwezi, ilianza Mei 2023 kwa euro 49 na toka Januari 2026 ni euro 63, unapanda mabasi, treni za mjini na za mikoa nchi nzima. Ila zile za kasi, ICE, haikubaliki, usipande ukidhani umelipia. Na kabla hujalipa muulize mratibu wako, baadhi ya mashirika wanawalipia wanaojitolea.

Swali: Na sisi ambao ofu ni Jumapili? Naambiwa kila kitu kinafungwa. (Msomaji, Berlin)

Jibu: Maduka ndo yanafungwa, kwa sheria, kwa hiyo chakula nunua Jumamosi mapema kabla foleni hazijawa ndefu. Makumbusho mengi yako wazi, bustani ziko wazi, na Mauerpark kunakuwa na soko la mitumba ambalo kutembea na kuangalia ni bure. Ila pale pana umati kweli kweli, kama wiki yako ilikuwa na kelele nyingi nenda Rehberge badala yake.