Mbwa mzee anatapika kila asubuhi: nisubiri?

SWALI: Mbwa wetu dume ana miaka 11 na kilo kama 30, chotara wa German Shepherd. Leo ni siku ya tano anatapika, mara mbili au tatu kwa siku, hasa povu la manjano asubuhi. Chakula anaonja tu, lakini maji anamaliza bakuli zima. Wiki jana alikuwa akichechemea, nikampa nusu tembe ya ibuprofeni kwa siku 4. Jirani anasema nimpe maziwa, na kemisti ameniuzia tembe za kuzuia kutapika. Nisubiri kidogo?
Msomaji, Kasarani

JIBU: Usisubiri. Mpeleke kwa daktari wa mifugo leo, na ibuprofeni usimpe tena. Kwa mbwa, dawa hiyo huchubua utando wa tumbo hadi kukawa na vidonda, na hupunguza damu inayofika kwenye figo. Katika umri huu huenda figo zenyewe zilikuwa zimeshaanza kuchoka kabla hujampa tembe ya kwanza.

Povu la manjano ni nyongo. Hutoka tumbo likiwa tupu, na halituambii mengi. Maji ndiyo yanayotutia wasiwasi. Pima kwa jagi kabla ya kumwekea: mbwa wa kilo 30 akipita lita 3 kwa siku, amezidi. Figo zikishindwa kubana mkojo (yaani kuufanya mzito kwa kurudisha maji mwilini), mbwa hukojoa sana na kunywa sana ili kufidia, huku taka zikibaki kwenye damu na kumtapisha. Kisukari pia huleta kiu hiyo. (Mwenye mbwa jike asiyefungwa kizazi: kiu na kutapika wiki chache baada ya joto (kipindi cha kutaka dume) huweza kuwa usaha katika mfuko wa uzazi. Huo kwa kawaida ni upasuaji, tena wa haraka.)

Tembe za kemisti ziweke kando. Kama amemeza gunzi la mahindi au mfupa, baadhi ya dawa hizo huusukuma utumbo ulioziba na zinaweza kuupasua. Maziwa nayo humharisha, na maji zaidi yanapotea.

Kabla ya kutoka, kinga mkojo wake kwenye chupa safi. Lazima uwe wa kabla ya dripu, kwa sababu dripu huuzimua na daktari hawezi tena kujua kama figo zinabana. Beba pakiti ya ibuprofeni, na umrekodi kwa simu akitapika: tumbo likijikaza ni kutapika, chakula kikiteleza tu nje bila tumbo kujikaza, tatizo liko kwenye umio, mrija wa chakula kutoka kooni. Omba damu ipimwe yurea na kreatinini (taka zinazochujwa na figo), ini, sukari na homa ya kupe. Usiposhika daktari wa karibu, kuna hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Upper Kabete.

Njiani usimlazimishe kunywa. Mpe vijiko 3 au 4 vya maji kila nusu saa. Hata hayo yakirudi, mwambie daktari ukifika tu.

Ziko dalili za kuondoka hata saa nane za usiku. Bonyeza ufizi kwa kidole: rangi irudi ndani ya sekunde 2. Ikichelewa, au ufizi ukiwa mweupe, damu haizunguki vizuri. Matapishi kama mashapo ya kahawa, au choo cheusi kama lami, ni damu ya kidonda. Na kwa mbwa mwenye kifua kirefu kama wako, akijikamua bila kutoa kitu ila mate, tumbo limevimba na kukaza kama ngoma, huenda tumbo limejipinda. Hapo zimebaki saa chache tu.

Mbwa mzee aliyetapika mara moja, akabaki mchangamfu, anaweza kukaa saa 12 bila chakula, kisha apewe wali laini na kuku asiye na mifupa, bila kitunguu wala mafuta, vijiko vichache kwa wakati. Mwenye kisukari asifungishwe njaa bila daktari kusema. Akirudia ndani ya saa 24, mpeleke.