Maswali ya Wasomaji: Uongozi katika Programu Huria

SWALI: Ndugu Mhariri, ninasoma kompyuta chuoni, mwaka wa pili, na ninatumia Debian, mfumo endeshi wa kompyuta ulio huria. Nimeelezwa kwamba wanaoutengeneza ni watu wa kujitolea wasio na mwajiri mmoja. Viongozi wao hupatikanaje? Je, ni yule aliyeandika msimbo (maagizo yanayounda programu) mwingi kuliko wenzake? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ndugu msomaji, wingi wa msimbo una uzito wake, ila peke yake hautoshi. Katika Debian, mradi ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, mgeni hana ruhusa ya kupakia mwenyewe vifurushi vyake, yaani programu zilizofungashwa tayari kusakinishwa; mwanachama mmoja huvikagua, huvirudisha vyenye kasoro, kisha huvipakia kwa niaba yake. Naamini uongozi huanza kuchipuka hapo hapo, kwa sababu anayekagua huja kumfahamu mwenzake: namna anavyopokea masahihisho, na kama hurudi kurekebisha hitilafu aliyoisababisha. Anapoomba uanachama kamili, hutakiwa awe na mdhamini aliyefanya naye kazi, na ufunguo wake wa kidijitali, unaothibitisha kwamba kazi anayotuma ni yake kweli, uwe umetiwa saini na waliomtangulia, ambao kwa desturi hukutana naye ana kwa ana na kutazama kitambulisho chake. Ndiyo maana mikutano yao ya kila mwaka, kama ule wa Cape Town wa 2016, ina thamani kubwa kuliko mihadhara inayotolewa humo.

Kiongozi wa Mradi huchaguliwa kila mwaka. Mwanachama yeyote anaweza kujipendekeza, wapiga kura huwapanga wagombea kwa kadiri wanavyowapendelea, na kura hiyo ina nafasi ya kuwakataa wote. Hata hivyo, katiba yao ya mwaka 1998 haimlazimishi mtu yeyote kuufanyia mradi kazi, kwa hiyo mshindi hawezi kumwamuru mtu. Humbidi aombe, ashawishi na apatanishe, na hayo ni magumu mno kwa mtu ambaye hakuwahi kumsaidia mwenzake kabla ya kuchaguliwa.

Kwa upande wako, chagua kifurushi kimoja unachokitumia kila siku. Ripoti hitilafu zake ukieleza hatua kwa hatua zinavyotokea, tuma marekebisho, na mtunzaji wake akikusahihisha, mjibu kwa utulivu na urudie kazi. Huenda yeye ndiye atakayekudhamini.